Vidonge Vilivyokwenda Dago: Uchambuzi wa Kisa cha Mvuvi wa Tanga Mwenye Kifua Kikuu

Kwa nini kisa hiki

Kila tarehe 24 Machi, siku ambayo mwaka 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kuwa amemgundua bakteria wa kifua kikuu, sisi wa vitengo vya TB huvaa fulana, hupanga viti chini ya turubai na kusomewa takwimu. Takwimu zenyewe si za kukatisha tamaa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2025 inaonyesha kuwa mwaka 2024 watu milioni 10.7 waliugua TB na milioni 1.23 walifariki. Ukilinganisha na 2015, vifo vimepungua kwa asilimia 29 na kiwango cha kuugua kwa asilimia 12. Kanda ya Afrika imekwenda mbio zaidi: vifo vimeshuka kwa asilimia 46, ugonjwa kwa asilimia 28. Tanzania, ambayo bado imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, imetoka kwenye wagonjwa wapatao 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi chini ya 200.

Mgeni rasmi akimaliza kusoma, watu hupiga makofi na soda hugawiwa. Swali ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa pale ni kwa nini vifo vinashuka upesi hivyo ilhali kiwango cha kuugua kinashuka polepole. Mvuvi mmoja wa Tanga alinisaidia kulielewa swali hilo kuliko semina nyingi nilizohudhuria, na ndiyo sababu ninakiandika kisa chake.

Mhusika ameridhia kisa kiandikwe. Jina lake, mtaa, kituo cha afya, jina la chombo, kisiwa alikokwenda na mwaka vimeondolewa, na mambo madogo ya familia yamebadilishwa ili asitambulike.

Usuli

Ni mwanamume wa makamo, baharia katika boti ya dagaa. Anaishi na mkewe, watoto wawili (mdogo hajatimiza miaka mitano) na mama mkwe katika vyumba viwili vya kupanga, si mbali na diko, pale pwani vyombo vya uvuvi vinapofikia. Mkewe hukaanga dagaa na kuwauza barazani. Anavuta sigara. Hakuwahi kuugua TB kabla.

Ili kukielewa kisa hiki lazima uijue kalenda ya dagaa. Biashara yote ni giza. Mwezi ukiwa haupo, taa huwavuta dagaa juu, nyavu zikazungushwa. Mbalamwezi ikishika, taa haifui dafu. Boti huvutwa pwani, nyavu hushonwa, watu hupumzika majumbani. Na msimu ukigeuka, chombo kizima huhama pamoja na baharia wake, nyavu, masufuria na mpishi, kwenda kupiga kambi ugenini kwa wiki au miezi. Huko ndiko dago. Mabanda ya makuti, maturubai, watu wanane hadi kumi ndani ya banda moja wamelala sako kwa bako.

Juu ya boti upepo upo na nafasi ya kuambukizana TB ni ndogo. Hatari iko bandani, hasa siku za mvua, makuti yakishushwa pande zote na turubai likakazwa upepo usipenye. Vijidudu vya TB huelea hewani kwa saa kadhaa mahali pasipo na mzunguko wa hewa. Jambo hili nililijua siku zote kwa upande wa magereza na mabweni. Kuhusu dago halimo kwenye fomu yetu yoyote, na tutalirudia.

Milango minne kabla ya kopo la makohozi

Kikohozi kilianza wakati wa kusi, msimu ambao kila mtu diko anakohoa kidogo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mlango wa kwanza ulikuwa duka la dawa muhimu: dawa ya maji ya kikohozi na amoksilini, nusu dozi, maana pesa ya dozi nzima haikuwepo. Akapata nafuu kidogo.

Mlango wa pili ulikuwa zahanati. Alipimwa malaria, hana. Akaandikiwa antibayotiki nyingine. Hakuna mahali kwenye daftari lake paliposema kikohozi kina wiki ngapi.

Mlango wa tatu, baada ya kuanza kutokwa na jasho usiku hadi shuka linalowa, ulikuwa kliniki ya binafsi. Alitundikiwa dripu na kupewa siprofloksasini. Hapa wahudumu wenzangu wasimame kidogo. Dawa za kundi hili huwadhoofisha bakteria wa TB bila kuwamaliza. Mgonjwa husikia ahueni ya siku chache, hurudi kazini, na utambuzi husogea mbele kwa wiki nyingine. Mtu akifika na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, kopo la makohozi litangulie, ndipo yafuate mengine.

Mlango wa nne ulikuwa kwa mganga, aliyemwambia kuna mwenzake kwenye chombo anayeuonea kijicho mgao wake. Sitamsema sana mganga. Angalau yeye alikaa naye karibu saa nzima akamsikiliza, jambo ambalo milango mitatu ya kwanza haikulifanya.

Mkewe ndiye aliyemleta kwetu, miezi minne hivi tangu kikohozi kianze, asubuhi moja baada ya kuona damu kwenye kanga aliyojifutia mumewe. Mume alikuwa na kilo 47. Muuguzi wa kitengo alimpa kopo, naye akarudi nalo baada ya dakika moja likiwa na povu jeupe. Muuguzi akalitazama kwenye mwanga.

"Kaka, haya mate. Mimi nataka kile kinachokuamsha usiku."

Akatoka naye hadi chini ya mwarobaini nyuma ya jengo, pasipo na watu. Akamwonyesha: vuta pumzi ndefu, ishike, iachie, mara ya pili hivyo hivyo, ya tatu kohoa kutoka tumboni. Safari hii kopo lilirudi na makohozi mazito ya manjano yenye uzi wa damu. Kituo kizima kingekuwa na mashine mpya kabisa na bado kingemkosa mgonjwa huyu kama muuguzi angelipokea lile povu na kuandika namba juu yake.

Sampuli ilipimwa kwenye GeneXpert, kipimo ambacho WHO ilikiidhinisha mwaka 2010 na ambacho hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi. TB ilionekana, usugu dhidi ya rifampisini, moja ya dawa kuu za TB, haukuonekana. Kipimo cha VVU kilikuwa hasi.

Dawa, nafuu, na safari

Alianzishiwa matibabu ya kawaida ya miezi sita: miezi miwili ya kidonge chenye dawa nne ndani (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli), kisha miezi minne ya chenye dawa mbili za kwanza. Kwa uzito wake, vidonge vitatu kila siku. Mkewe akaandikwa kuwa msimamizi wake wa dawa. Familia ikachunguzwa: mke, mama mkwe na mtoto mkubwa hawakuwa na dalili, mtoto mdogo, baada ya kuthibitika hana ugonjwa, akaanzishiwa dawa kinga. Rejesta ikajazwa vizuri, na kwa karatasi hiyo kazi ilikuwa imekamilika.

Wiki ya sita hakutokea. Simu haipatikani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akaenda nyumbani, akamkuta mke anapanga dagaa kwenye ungo. Mume yuko dago, kisiwa kimoja upande wa kusini, chombo kiliondoka usiku na nahodha hakungoja mtu. Vidonge vilivyosalia vilikuwa kabatini. Mke alisema alimsihi avichukue, naye akajibu hawezi kumeza vidonge vitatu vikubwa kila alfajiri mbele ya watu tisa wasijue ni vya nini.

Lilikuwapo na jambo la mkojo. Rifampisini huugeuza mkojo kuwa na rangi ya chungwa iliyokolea. Tulimwambia mapema, hakushtuka. Lakini botini hakuna choo cha mlango. Mtu hujisaidia ukingoni, wenzake wakimwona. Safari moja fupi ilitosha watu wakaanza kunong'ona kuwa ana gonjwa baya. Maelezo tuliyompa yalimtosha yeye mwenyewe, hayakumpa jibu la kuwapa wenzake.

Kwa ufupi: alikuwa amepata nafuu, kikohozi kimekwisha, kilo nne zimerudi, deni la dukani linadai, na chombo kinaondoka. Wengi wetu tungepanda.

Maamuzi na sababu zake

Katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa fukwe, alikuwa na orodha ya vyombo vilivyotoka na namba za manahodha. Ndani ya siku mbili tulimpata mgonjwa kwa simu ya mpishi wa kambi.

"Mara ya mwisho umemeza lini, kaka?" muuguzi akamuuliza.

"Dada, dawa ziko nyumbani, mimi niko dago. Nikirudi nitaendelea."

Kikaoni kwetu kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyetaka mgonjwa arudishwe mara moja, hata kwa kumtumia mwenyekiti wa mtaa. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: mtu aliyekatisha dawa katika awamu ya kwanza anaweza kurudia kuambukiza, na anaweza kutengeneza usugu. TB sugu si jambo la mzaha. Hadi miaka michache iliyopita tiba yake ilikuwa ya miezi 18 au zaidi, na sindano zake ziliwaacha wengine viziwi. Tangu 2022 WHO imependekeza mpango wa vidonge wa miezi sita, na hilo ni moja ya mafanikio makubwa ya miaka hii, lakini hakuna anayetaka kufika huko.

Hata hivyo tuliamua asirudishwe kwa nguvu. Baharia anayeshushwa katikati ya msimu hukosa mgao, na nafasi yake kwenye chombo hujazwa siku hiyo hiyo. Tungempata mgonjwa mwezi huo na kumpoteza daima. Zaidi ya hapo, mabaharia wengine wangejifunza somo moja tu: ukipimwa TB, unafukuzwa kazi.

Kwa hiyo dawa zilimfuata. Boti ya kubeba barafu na dagaa wakavu ilikuwa inakwenda huko; mkewe akafunga pakiti, muuguzi akaandika maelekezo, tukazungumza na zahanati iliyo karibu na kambi ili wampokee kwa fomu ya uhamisho wa muda. Dozi alizozikosa zilikuwa za wiki tatu hivi. Kwa kuwa hazikufika mwezi, utaratibu ni kuendelea na kufidia zilizopotea, si kuanza upya. Zahanati ilichukua makohozi kwa ajili ya hadubini, na sampuli nyingine ikasafirishwa kwa ajili ya kuotesha bakteria maabara. Hatukutegemea GeneXpert kwa ufuatiliaji, maana huweza kuonyesha hata mabaki ya bakteria waliokwisha kufa.

Nani asimamie umezaji? Sote tulimfikiria nahodha, mtu mzima, mwenye sauti. Mgonjwa akakataa. Nahodha anawajibika kwa tajiri wa chombo, na siku tajiri akiuliza nani mzima nani mgonjwa, jibu litatoka. Akamchagua mpishi. Mpishi habebi nyavu, hahudhurii mahesabu, na kila alfajiri boti ikirudi ndiye anayempa kila mtu kikombe chake. Baada ya wiki ya kwanza mpishi aliuliza kama dawa zimezwe kabla ya chai au baada. Kabla, tukamwambia, tumbo likiwa tupu hufanya kazi vizuri zaidi. Akichafukwa na tumbo, baada ya chakula chepesi. Akazishika hivyo hadi mwisho. Ramadhani ilipoingia, mgonjwa alikataa ruhusa ya kutofunga tuliyomkumbusha kuwa anayo, na mpishi mwenyewe akahamishia vidonge kwenye daku.

Uamuzi wa mwisho ulihusu tarehe. Kliniki yetu ya TB hutoa miadi kwa kalenda ya ukutani. Tukampa miadi kwa mwezi wa angani: achukue dawa mbalamwezi ikishika, boti zikiwa juu. Karatasi tatu za vidonge 28 humtosha siku 28, na mwezi hurudi baada ya siku 29 au 30, hivyo tuliongeza akiba ya wiki moja kufunika pengo hilo na siku za dhoruba. Alipovuka kilo 55 dozi ikapanda hadi vidonge vinne na hesabu ya karatasi ikabidi irudiwe. Mtu wa stoo hakufurahi.

Banda zima

Chombo kiliporudi Tanga kwa mapumziko, tulifanya kilichopaswa kufanywa siku ya kwanza. Fomu ya uchunguzi inauliza mgonjwa anaishi na nani. Alijibu kweli: mke, watoto, mama mkwe. Hakuna aliyemuuliza analala na nani, na jibu la swali hilo lilikuwa watu tisa wengine.

Kwa ridhaa yake tulikwenda diko tukasema tunapima kifua mabaharia wote wa vyombo vinavyokwenda dago, bila kumtaja yeyote. Eksirei ilifanyika kwa kila aliyekubali, awe anakohoa au hakohoi. Kijana mmoja wa chombo chake, mwenye afya ya kutazamika, hana kikohozi, hana homa, alikuwa na kivuli juu ya pafu la kulia. Makohozi yake yalipatikana kwa taabu na yakawa na TB. Mwenzao mwingine, aliyekuwa na kikohozi dhahiri, aliahidi kuja kesho yake. Aliondoka na chombo kingine usiku huo. Tulimtafuta kwa simu na kupitia BMU za maeneo mawili, na hadi ninapoandika haya hajapatikana.

Matokeo

Mhusika alimaliza matibabu kwa karibu miezi minane badala ya sita. Makohozi ya mwisho yalikuwa safi na ameandikwa amepona. Yule kijana naye alimaliza. Mtoto alimaliza dawa kinga. Majibu ya kuotesha hayakuonyesha usugu.

Upande wa mfuko habari si nzuri hivyo. Mtaji wa mke wa kukaangia dagaa uliliwa wote na milango minne ya kwanza na wiki za mume kukaa bila kazi. Hadi mwisho wa matibabu alikuwa anauza kwa mali kauli.

Kwa nini vifo vinashuka na ugonjwa unajikokota

Mtazame mgonjwa huyu kwa upande wa vifo na ni ushindi mtupu. Bila tiba, karibu nusu ya wenye TB wasio na VVU hufa, na wenye VVU hufa karibu wote. Kwa tiba, duniani hufanikiwa takriban 88 kati ya 100. WHO inakadiria kuwa tangu mwaka 2000 matibabu ya TB yameokoa maisha ya watu wapatao milioni 83. Ongeza ARV, ambazo zimeshusha sana vifo vya TB miongoni mwa wenye VVU katika ukanda wetu, na utaona namba za vifo Afrika zimeshukaje.

Mtazame sasa kwa upande wa maambukizi. Alikohoa miezi minne ndani ya banda kabla ya kidonge cha kwanza. Inakadiriwa kuwa mtu mwenye TB ya mapafu asiyetibiwa huambukiza watu kati ya 5 na 15 kwa mwaka. Tulipompata, tuliokoa uhai wake. Sehemu kubwa ya maambukizi ilikuwa imekwisha kutokea. Dawa zetu ni nzuri mno kwa anayefika, lakini zinafika nyuma ya kikohozi. Ndiyo maana shabaha ya Mkakati wa Kutokomeza TB kwa 2025, yaani kupunguza kiwango cha kuugua kwa asilimia 50 na vifo kwa asilimia 75 kutoka 2015, haikukaribiwa duniani kwa upande wowote, na upande wa kuugua ndio uliobaki nyuma zaidi.

Yule kijana asiye na kikohozi si kioja. Tafiti za kitaifa za kupima jamii nzima zimeonyesha mara kwa mara kuwa karibu nusu ya wanaokutwa na TB hawaripoti dalili za kuwapeleka hospitali. Huko Ca Mau, Vietnam, jamii ilipopimwa makohozi kila mwaka kwa miaka mitatu bila kujali nani anakohoa, kuenea kwa TB kulikuwa chini kwa asilimia 44 kuliko maeneo ya kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Kwa hiyo kungoja mtu aje na kikohozi cha wiki mbili, kama mabango yetu yanavyosema, ni kumngoja akiwa amekwisha kuwaambukiza wenzake. Mabango yabaki, lakini yasiwe mpango mzima.

Na ukitaka kuona kinyume chake, itazame 2020. Korona iliwazuia watu kwenda vituoni, waliogunduliwa duniani wakashuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8, na vifo, vilivyokuwa vikishuka kwa miaka mingi, vikapanda.

Nani anashika kidonge

Wazo la mtu mwingine kumtazama mgonjwa akimeza lina historia hapa kwetu. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na katika Tanzania ya miaka hiyo daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, pamoja na wataalamu wa hapa nyumbani, walijenga utaratibu wa hadubini wilayani, tiba ya muda mfupi, rejesta moja na usimamizi wa karibu. WHO ilipotangaza TB kuwa dharura ya dunia mwaka 1993, utaratibu huo ndio uliotoa msingi wa DOTS, mpango wa tiba ya TB ambapo mgonjwa humeza dawa chini ya usimamizi, iliyosambazwa duniani. Tunastahili kujivunia.

Ila katika vituo vingi usimamizi umebaki jina kwenye kadi. Mke aliandikwa kwa sababu ni mke, ingawa nusu ya mwaka halali na mumewe. Mpishi alifaa kwa sababu mgonjwa alimchagua mwenyewe, anaaminika, na yupo saa ile ile kila siku. Swali la kumuuliza mgonjwa ni nani anayekuona kila siku asubuhi bila kukosa na ambaye huogopi akijua. Jibu linaweza kuwa konda, mama ntilie, mlinzi wa zamu. Kama jibu ni hakuna, hilo nalo ni la kujua siku ya kwanza.

Dawa ya bure ina bei

Vidonge, GeneXpert na dawa kinga vyote alivipata bure. Bado familia ilifilisika. Duniani karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa wa TB hutumia au kupoteza zaidi ya asilimia 20 ya pato lao la mwaka, na mkakati wa WHO ulilenga kaya hizo zisiwepo kabisa. Katika kisa hiki pesa nyingi ilitoka kabla ya utambuzi. Kila mlango uliofunguliwa bila kopo ulikula sehemu ya mtaji wa mke. Kuchelewa kumpima hakukuambukiza banda tu, kulimaliza na karai la dagaa.

Chakula nacho hatukukipa uzito wa kutosha. Mtu wa kilo 47 alianzishiwa dawa na kuambiwa ale vizuri, ushauri ambao hauna gharama kwa anayeutoa. Utafiti uliofanyika Jharkhand, India, na kuchapishwa 2023, ulionyesha kuwa kuzipa familia za wagonjwa posho ya chakula kulipunguza watu wapya kuugua TB katika kaya hizo kwa takriban asilimia 40. Hiyo ni nguvu ya chanjo, imetoka kwenye gunia la nafaka na kunde. BCG tunayowachanja watoto ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1921 na kwa watu wazima kinga yake ya TB ya mapafu ni hafifu. Hadi chanjo mpya zinazojaribiwa zifike, gunia hilo lisidharauliwe.

Mipaka

Mbinu ya miadi ya mbalamwezi inafaa kwa wavuvi wa dagaa wa taa. Wavuvi wa mishipi, wazamiaji na wa madema wana kalenda nyingine, wengi hufuata bamvua na maji mafu (maji ya bahari yakiwa makubwa au madogo), na miadi ya mwezi ingewakuta baharini. Kila kundi lina siku zake za kukaa pwani, na ni katibu wa BMU anayezijua, si sisi.

Kuna na suala la nani atafanya kazi hii. Mhudumu aliyemfuata mgonjwa nyumbani, na aliyetupeleka kwa katibu, alikuwa analipwa posho na mradi wa wafadhili. Mwaka 2024 fedha zote za huduma za TB katika nchi za kipato cha chini na cha kati zilikuwa dola bilioni 5.9, wakati shabaha ni bilioni 22 kwa mwaka ifikapo 2027. Na tangu Januari 2025 msaada wa Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, umekatwa sehemu nyingi. Dawa zenyewe bado zipo stoo. Kinachopungua kwanza ni nauli ya boda na vocha ya kumpigia mpishi.

Baada ya kisa hiki tuliongeza mstari mmoja wa kalamu kwenye fomu zetu za uchunguzi, chini ya kaya: "Analala wapi kazini, na nani?" Haujachapishwa rasmi, muuguzi huuandika kwa mkono. Kwa madereva wa malori na wakata mkonge majibu yanayokuja ni marefu kuliko orodha ya nyumbani, na eksirei ya kubebeka tunayoiazima haipatikani kila mwezi. Kwa sasa tunawatanguliza waliolala chumba kimoja na mgonjwa mwenye makohozi chanya, wengine wanasubiri mashine irudi.